Alisema Mengi, Nikatafsiri Neno Moja

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, na nimekubali kwa sababu hakuna aliyeniomba nitoe hotuba. Miaka ishirini na sita nimesimama kati ya kizimba na meza ya hakimu nikisema maneno ya watu wengine. Kusema ya kwangu sijazoea. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, hazikuwa ndefu hata hivyo. Jina la mahakama nalo sitalitaja. Nilizunguka kati ya Arua na Koboko, wanaojua wanajua, na lawama iliyomo humu ni yangu mimi.

Ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha. Mmoja wenu Mlugbara, mwingine Mkakwa kama mimi, mwingine Mwaringa, na chumba cha chai ni kimoja. Chetu kile cha iko-iko nilikinyonya kambini, baba yangu akiwa askari. Hiki cha vitabuni nilikipata ukubwani, kwa redio na kamusi, na mama yangu hadi alipofariki aliniambia ninaongea kama mtangazaji aliyepotea njia.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyolia kila nilipopiga hatua, na mahakama nzima ikageuka kunitazama. Bwana Andrea, mkalimani mkuu wakati huo, aliniambia nivivue. Nilianza kazi ya serikali nikiwa na soksi. Bwana Andrea alikuwa mwalimu wa shule za misheni kabla ya kuja mahakamani, mtu wa Dadamu aliyejenga nyumba yake Ediofe, na alinifundisha kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza. Usisimame karibu na mshtakiwa, watadhani wewe ni wakili wake. Usisimame karibu na hakimu, watadhani umenunuliwa. Usiguse kalamu mtu anapoongea, maana jicho likienda kwenye karatasi sikio linalala. Na mshtakiwa akisema "mimi", wewe nawe useme "mimi".

Hilo la mwisho lilinitia aibu siku hiyohiyo. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekiri kuiba mbuzi, nami nikatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba nimeiba mbuzi. Shangazi yangu alikuwa amekuja kunishangilia. Kiingereza alijua maneno machache, na kwa bahati mbaya "mbuzi" na "kuiba" yalikuwamo. Nilimkuta jioni nyumbani kwetu ameshika tama, tayari amemweleza mama.

Kanuni nyingine ya Bwana Andrea ilihusu jibu la shtaka. Mafaili ya asubuhi yalikuwa yanajaa mezani, na watu wetu, mnawajua, ukimuuliza mtu kama ni kweli alimpiga jirani, ataanza na mwaka babu yake alipohamia pale. Hakimu anakohoa. Mwendesha mashtaka anatazama saa. Bwana Andrea akasema, mahakama haitaki hadithi, inataka neno moja. Wewe sikiliza yote, kamua, toa neno. "Guilty" au "not guilty", nina hatia au sina.

Nilikamua miaka kumi na tisa. Nilikuwa mwepesi kuliko wote, na mahakimu waliohamishwa walikuwa wanawaambia wanaokuja kwamba yule mama wa Koboko anamaliza orodha kabla ya chai. Nilijivunia sana. Ninawaambia mapema ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Mwaka huo wa kumi na tisa aliletwa Mzee Rajabu wa Kuluba, kule mpakani na Kongo. Mwembamba, kofia ya kufuma mkononi, miguu imepauka kwa vumbi la shamba. Alishtakiwa kuchoma moto nyumba ya jirani yake, Yakobo. Nyumba ya nyasi, pamoja na karanga na mtama wa msimu mzima. Hakufa mtu, lakini kuchoma nyumba ya mtu akiwa anaishi ndani ni kesi kubwa, kifungo chake kinaweza kummaliza mzee wa umri ule. Hakimu alikuwa mama kutoka kusini, mpya kwetu, mpole, Kiswahili hajui hata salamu.

Nilimsomea shtaka. Mzee alikuwa ameishi kambini ujanani, akanijibu kwa Kiswahili chetu, taratibu, akinitazama usoni.

"Hii maneno iko yangu," akasema. "Iko ya nyumba yangu. Moto natoka kwangu. Mimi nabeba yote, mutu mwingine musiguse."

Nikamgeukia hakimu nikasema, "Guilty."

Sasa subirini niwaeleze, kwa wale ambao hawakukulia upande wetu. Kwetu mtu wa nyumba yako akimkosea jirani, hasa akikimbia, mkubwa wa nyumba haketi kusubiri. Anakwenda mwenyewe kwa waliokosewa, anakaa chini kwenye udongo karibu na mlango, hataki kiti, hataki maji, anasema neno hili ni langu, ninabeba. Akishabeba, hakuna anayeruhusiwa kumwinda aliyefanya. Hasira yote inakuja kwa yule aliyekaa chini, na pande mbili zinatafuta siku ya kuongea. Kila mtu anajua kwamba aliyebeba siye aliyefanya. Ndiyo maana ya kubeba.

Na mimi nilijua. Hapo ndipo ninaposhindwa kujielewa mpaka leo. Ningelikuwa mgeni ningejitetea. Marehemu baba yangu alikaa chini namna hiyo mbele ya macho yangu, kwa sababu ya kaka yangu na baiskeli ya watu. Lakini nilikuwa nimejitengenezea masikio mawili, moja la nyumbani na moja la kazini, na la nyumbani nilikuwa naliacha getini kila asubuhi.

Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya tukio, na mzee akaulizwa kama ni ya kweli. Akajibu kwamba ameshasema, iko yake. Nikasema, "Yes." Hakimu akaandika, akamtia hatiani, akaahirisha wiki mbili aje asomewe adhabu. Mzee alinipa shukrani kwa kichwa akiteremka kizimbani. Nikaita faili lililofuata.

Jumamosi nilikwenda Koboko kumwona mama. Nikiwa jikoni akaingia mama mmoja wa makamo, akasalimia vizuri, akauliza hali za wote, akakaa kwenye mkeka. Alikuwa Hadija, mke wa Mzee Rajabu. Amekuja kwa miguu sehemu ya njia. Nilidhani atalia au ataniomba nimwombee kwa hakimu, na jibu la kuwakatalia watu wa namna hiyo nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Hakulia. Alitaka kujua tu mazungumzo yatakuwa siku gani, ili watu wa nyumba waandae mbuzi. Nikamuuliza mazungumzo gani. Akasema, ya kumaliza maneno ya Yakobo, si mzee ameshabeba mbele ya serikali. Kisha, kama mtu anayenisifia, akaongeza kwamba mzee alimtumia salamu kutoka gerezani: asiogope, mkalimani ni mtoto wa hapa, amewaambia vizuri.

Mwiko ulinitoka mkononi. Nikamuuliza polepole, siku ya moto mzee alikuwa wapi. Akashangaa swali. Alikuwa Dadamu, siku tatu, kwenye kilio cha mkwe wao. Kilio kizima kilimwona. Aliporudi akakuta nyumba ya Yakobo ni majivu na mwana wao Swale ameshavuka kwenda Kongo. Ugomvi ulikuwa wa mpaka wa shamba, na pombe. Mzee hakuingia hata ndani kwake. Alikwenda moja kwa moja kukaa chini kwa Yakobo. Polisi walikuja baadaye kwa sababu moshi ulionekana barabarani, wakauliza ni ya nani kazi hii, mzee akasema iko yangu. Wakampakia.

Nilikaa pale kwenye kigoda. Mama yangu, ambaye hakuwa na habari za mahakama, alinitazama akauliza kama nimeungua.

Sikuweza kumweleza Hadija. Nilimwambia nitafuatilia. Hilo "nitafuatilia" mnalijua ninyi mlioajiriwa, ndilo neno letu la kumsindikiza mtu mlangoni. Nikarudi Arua siku hiyohiyo nikaenda Ediofe kwa Bwana Andrea, aliyekuwa amestaafu, anafuga nyuki nyuma ya nyumba. Nilitaka aniambie sikukosea. Nilitaka sana.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaenda ndani akaleta kamusi yake ya Kiingereza, ile isiyo na jalada, akavaa miwani, na tukakaa kibarazani mzee wa miaka sabini na kitu na mama mtu mzima, tunapekua kama wanafunzi. Alitafuta "guilty". Akatafuta "responsible". Aliyasoma yote mawili, akaifunga kamusi na kusema haitusaidii, inasema yanakaribiana.

"Tuyapime kwa watu," akasema.

Akanikumbusha alipokuwa mwalimu mkuu, mtoto wa shule akivunja dirisha la kanisa. Padri anamwita nani? Anamwita mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu anasema ni juu yangu. Hapo yeye ni "responsible". Lakini hakuna padri aliyewahi kudhani Andrea ndiye aliyerusha jiwe. Halafu akaja na lingine. Mtu unaweza kumsifu kwamba ni "responsible", ukamwozesha binti yako kwa sifa hiyo. Je, kuna mtu aliyewahi kusifiwa kwamba ni "guilty"? Nami nikaona langu: mtu anaweza kukubali leo kuwa "responsible" kwa jambo la kesho, kwa watoto ambao hawajazaliwa hata. "Guilty" haiendi mbele, inatazama nyuma tu, kwenye mkono uliofanya. "Responsible" unaweza kurithi, unaweza kupewa, unaweza kwenda kuichukua mwenyewe kwa miguu yako na kukaa nayo chini kwenye udongo. "Guilty" ya mtu mwingine huwezi kuichukua hata ukiitaka.

"Basi mzee alisema ile ya kubeba," Bwana Andrea akasema, "na wewe ukampa hii."

Nikamwambia kwa uchungu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha neno moja. Hakukataa. Alivua miwani, akajifuta uso kwa shati. Alisema alidhani anatufundisha kuokoa muda. Nilikuwa nimekuja kufarijiwa, na sasa tulikuwa wawili tulioshtuka kwenye kibaraza kimoja.

Asubuhi ya adhabu niliomba kumwona hakimu chumbani mwake kabla hajaketi. Sikulala vizuri usiku wake, nilikuwa na watoto wawili chuoni na mkalimani anayesema ametafsiri vibaya anajikata mguu. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliniuliza kama ninaelewa ninachokisema kuhusu kiapo changu. Nikasema ninaelewa. Akasema jambo kama hilo halisemwi chumbani, nikaliseme mbele ya watu, na kwamba yatakayonipata mimi yatakuwa na siku yake.

Mahakama ilikuwa imejaa watu wa Kuluba. Hadija mbele. Upande wa pili Yakobo na kaka zake wawili, watu wenye vifua, wamekunja mikono. Nilisimama mahali pangu pa siku zote nikasema kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba siku ile mshtakiwa alisema maneno mengi nami nikatoa moja, na lile moja halikuwa lake. Hakimu akaniuliza mzee alisema neno gani basi, kwa Kiingereza. Nikasema kama ni lazima liwe moja, ni "responsible". Lakini afadhali asikie yote. Nikamtafsiria yote, sentensi kwa sentensi, na desturi ya kukaa chini nikaieleza kama ilivyo.

Nilitegemea mzee afurahi. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, amekasirika hasa.

"Wewe nanyang'anya mimi," akaniambia. "Mimi nabeba, wewe natua chini mbele ya watu. Sasa hawa nataka nani?"

Na alikuwa akiwatazama kaka zake Yakobo. Ndipo nilipoelewa, nimechelewa tena, kwamba kwa kumtua mzee mzigo bila kuuliza nimewaachia njia ya kwenda Kongo kumtafuta Swale. Hakimu aliona nimekwama. Akaacha Kiingereza cha sheria, akauliza maswali mafupi, nami nikayapitisha kama yalivyo.

Je, mzee alichoma nyumba?

"Hapana. Mimi hapana choma."

Alikuwa wapi?

Dadamu, kwenye kilio.

Kwa nini basi alisema ni yake?

Mzee alimtazama hakimu kwa mshangao wa kweli, kama vile mama yule ameuliza kwa nini watu wanakula.

"Sasa iko ya nani? Mutoto iko yangu."

Sijui hakimu alisikia nini ndani ya hayo. Aliweka kalamu chini. Nyuma, Yakobo akanyoosha mkono kama mtoto wa shule, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza akasimama. Nilijikaza kwa litakalotoka.

"Huyu mzee hapana choma nyumba yangu," akasema Yakobo. "Sisi wote najua. Yeye nakuja kwangu, nakaa chini, nabeba. Kwetu ile imekwisha. Swale hapana mutu natafuta. Sisi nangoja nyinyi namaliza ya kwenu, mzee narudi nyumbani, sisi naongea."

Nikayatafsiri hayo yote, neno kwa neno. Hakimu akamuuliza kwa nini hakusema mapema, mzee akiwa gerezani.

"Hakuna mutu nauliza," Yakobo akajibu.

Niligeuka nikatazama mabenchi. Vichwa vinatikisika, wanawake kwa wanaume. Walijua wote. Siku ile ya kwanza pia walikuwa wamekaa palepale, wanajua, wananisikia nikisema Kiingereza wasichokielewa, wanaamini kwamba mtoto wa hapa anawasemea. Katika chumba kizima waliokuwa gizani walikuwa wawili, hakimu na mwendesha mashtaka, na mimi ndiye niliyewekwa pale kuwaondoa gizani.

Hakimu alifuta jibu la kwanza. Mwendesha mashtaka aliomba dakika chache, akaongea na bosi wake kwa simu, akarudi akaliondoa shtaka. Mimi niliandikiwa barua ya onyo ambayo ninayo hadi leo, na ni haki. Kazi sikupoteza. Hakimu yule aliagiza kwamba kuanzia siku hiyo jibu la mshtakiwa liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, yawe marefu yanavyotaka, na tukaanza kuchelewa chai. Ninyi mliokuja baadaye mnalalamika orodha ni ndefu. Ndiyo sababu.

Nje, uani, mzee alikuwa anavaa viatu alivyoletewa na mke wake. Yakobo alikuwa akiwasha pikipiki ili ampeleke. Niliwasogelea nikapiga magoti, nikamwomba mzee msamaha, nikamweleza kwa Kiswahili chetu tofauti ya yale maneno mawili ya Kizungu na jinsi nilivyomvika lisilo lake. Hasira ilikuwa imemtoka. Alisikiliza akiwa anafunga kamba, akaniambia niinuke, nitachafua nguo.

"Mutoto yangu, hii kazi wewe nafanya miaka ngapi?"

Nikasema kumi na tisa, baba.

Akamaliza kufunga kiatu cha pili. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anataka kujua.

"Na wale wengine, wale nabeba kama mimi. Wao wewe naandikia neno gani?"

Akapanda pikipiki, wakaondoka. Wiki iliyofuata niliomba ufunguo wa stoo ya mafaili ya zamani nikajifungia humo saa za chakula, siku baada ya siku, nikitafuta jibu la kumpelekea Kuluba. Nilikuwa nakumbuka nyuso: mama mmoja mwenye kitambaa cha bluu, mzee mwingine aliyelia akisema ni ya nyumba yake. Nilikuta majina, nilikuta vifungo. Mahali pa jibu la mshtakiwa, kila faili, palikuwa na neno lilelile moja. Walichokisema wenyewe hakikuandikwa popote. Kilisikiwa na mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nimekisahau.